Joe Sinnott na Nafasi ya Mtia Wino katika Historia ya Katuni za Marekani

Katika historia ya vitabu vya katuni nchini Marekani, wanaokumbukwa zaidi ni mwandishi wa hadithi na mchoraji wa penseli. Hata hivyo, baina yao na msomaji alikuwapo fundi mwingine, yaani mtia wino. Maisha ya Joe Sinnott yanathibitisha kwamba fundi huyo hakuwa mnakili wa mistari ya mwenzake, bali mshiriki katika ubunifu.

Chanzo cha kazi hiyo kilikuwa uchapaji. Mabamba ya kuchapia yalitengenezwa kwa kupiga picha kurasa zilizochorwa, na njia hiyo ilinasa vyema weusi na weupe, si kijivu cha penseli. Aidha, haja ya kutoa matoleo kila mwezi iliwalazimu wachapishaji kugawa kazi: mmoja alichora kwa penseli, mwingine aliandika maneno, mwingine alitia wino.

Sinnott alizaliwa mwaka 1926 huko Saugerties, jimbo la New York. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumikia jeshi la wanamaji huko Okinawa, kisha akasomea uchoraji. Mwaka 1950 alianza kupewa kazi na Stan Lee, mhariri wa kampuni iliyokuja kujulikana kama Marvel. Mwaka 1962 alitia wino toleo la 5 la Fantastic Four, lililochorwa na Jack Kirby. Alirejea katika toleo la 44 mwaka 1965 na, isipokuwa kwa vipindi vichache, aliendelea hadi 1981. Alifanyia kazi nyumbani, kurasa zikienda na kurudi kwa posta. Yeye na Kirby hawakuonana ana kwa ana hadi miaka ya 1970, Kirby akiwa ameshauacha mfululizo huo.

Kuondoka huko kwa Kirby, mwaka 1970, ndiko kunakotoa ushahidi mzito zaidi. Wachoraji wa penseli walibadilika, lakini nyuso za wahusika na mng'ao wa mitambo viliendelea kutambulika. Mwendelezo huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na mkono wa Sinnott, aliyeamua unene wa kila mstari na uzito wa kila kivuli.

Heshima rasmi ilichelewa. Sinnott aliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Will Eisner mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 86. Alifariki mwaka 2020.

Kwa watafiti wa Kiswahili na washauri wa sera, historia hii ina funzo. Neno “mchoraji” likitumiwa peke yake humficha mtia wino nyuma ya mwenzake. Pale ambapo kazi imegawanywa, istilahi inayotaja kila fundi ni msingi wa kumtambua katika ukurasa wa majina na, hatimaye, katika mkataba wa malipo. Asiyetajwa ni vigumu kudai haki yake.