Bati na Mabati: Neno Moja, Vitu Viwili

Mtu wa Nalasi, mkoani Ruvuma, asikiapo neno "bati", fikira zake huelekea kwenye paa. Walakini bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki, pengine pamoja na alumini. Bati lenyewe ni madini mengine, ambayo huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Mchanganyiko huu haukumdhuru mtu, hata bati lilipoingia katika historia ya betri.

Kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, upande wake hasi, uitwao anodi, ulikuwa wa kaboni. Baadaye kinywe, madini yapatikanayo kwetu Mahenge na Ruangwa, ndicho kilichoenea. Lakini gramu moja ya kinywe haihifadhi zaidi ya miliampea-saa 372 za umeme, hali gramu ya bati, kwa hesabu ya wanakemia, yaweza kuhifadhi zaidi ya 990. Kwa hiyo mwaka 1997 wataalamu wa Fuji, huko Japani, walitangaza anodi ya oksidi ya bati. Na mwaka 2005 Sony ikatoa betri yenye anodi ya bati, kobalti na kaboni.

Ila ya bati ni kuvimba. Likijaa lithiamu, ujazo wake huzidi mara tatu ya ule wa awali. Likijaa sodiamu, hufika kama mara tano. Kuvimba na kunywea huko hulipasua, na betri ikadhoofika upesi. Hata hivyo utafiti haukuachwa, maana kinywe hupokea sodiamu kidogo mno. Tena huko Manono, nchini Kongo, penye wasemaji wa Kiswahili, miamba iliyochimbwa bati tangu enzi ya Wabelgiji ina lithiamu nyingi pia.

Je, tulipe madini haya jina gani? Wako waandikao "stani", kutoka Kilatini. Mimi sioni haja, kwani sarufi yetu imekwisha kuvitenga vitu hivi. Majina ya madini hayana wingi: hatusemi "madhahabu" wala "mashaba". Bati la Kyerwa hupimwa kwa uzani. Ya paa huhesabiwa, mabati kumi au ishirini. Basi vitabu vya shule na viseme "bati" kwa madini, na "bati la paa" au "mabati" kwa vipande vya kuezekea. Hapo mwanafunzi wa Nalasi asomapo "anodi ya bati" hatadhani kwamba betri imetengenezwa kwa paa la nyumba yao.