Fedha za Kahawa Karagwe na Kyerwa: Uwekezaji Salama na Namna ya Kuutambua Upatu Haramu

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kahawa ni chanzo kikuu cha fedha taslimu kwa kaya nyingi. Malipo ya msimu yakishatumika, kaya husubiri hadi mavuno yajayo. Kwa hiyo, uamuzi mmoja usio sahihi waweza kuigharimu ada za shule na matibabu kwa mwaka mzima.

Hasara ya kwanza hutokea kabla ya mavuno. Katika biashara ya butura, mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado maua au matunda machanga, kwa bei ndogo. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo. Njia rasmi ni kukusanya kahawa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), vikiwemo wanachama wa Chama Kikuu cha Ushirika KDCU, ili iuzwe kwa mnada.

Hasara ya pili humfuata mkulima baada ya kulipwa, nayo ni upatu haramu. Mwaka 2009, Serikali ilisitisha shughuli za taasisi ya DECI, iliyokuwa imevuta maelfu ya Watanzania. Wanachama waliambiwa "wapande mbegu", yaani watoe fedha, kisha "wavune" zaidi ya walichotoa. Malipo ya waliotangulia yalitokana na michango ya waliofuata. Mwaka 2013, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Mkulima wa kahawa anafahamu kuwa mche huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Anayeahidi kuzidisha fedha maradufu ndani ya wiki chache hana budi kueleza faida hiyo inatoka wapi.

Kabla ya kukabidhi fedha, mwananchi anapaswa kujiuliza:

1. Je, faida inatokana na biashara inayoonekana, au na kuandikisha watu wapya?
2. Je, taasisi ina leseni, na imetolewa na mamlaka gani?
3. Je, fedha zinaingia kwenye akaunti ya taasisi, au kwenye simu ya mtu binafsi?

SACCOS hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kuweka na kukopa husajiliwa katika halmashauri. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ikiwemo ya UTT AMIS, husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hati fungani za Serikali hupatikana kupitia Benki Kuu ya Tanzania kuanzia shilingi 1,000,000. Kwa amana za benki, Bodi ya Bima ya Amana hutoa kinga ya hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja iwapo benki itafilisika.

Mwananchi anayepokea ujumbe wa kitapeli kwa simu anashauriwa kutotuma fedha na kuripoti kwa namba 15040. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa mapema katika kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na kumbukumbu za miamala yake.