Jiwe Jeupe la Mjomba

Kwenye dirisha la sebule yetu, Makambako, kuna jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi. Mjomba alikuja nalo kutoka Chunya mwaka 2009, baada ya miaka sita ya kuchimba dhahabu. Alirudi na begi moja, kikohozi na jiwe hilo. Nilikuwa darasa la tano. Nikamuuliza kama lina dhahabu. Akacheka. "Sasa mjomba, lingekuwa nayo ungelikuta hapa?"

Nilipoanza shahada ya uzamili ya akiolojia, nilikutana nalo tena, safari hii likiwa vipande vidogo ndani ya mifuko ya nailoni ya maabara. Darasani tunaliita kwatsi. Mjomba aliliita jiwe jeupe tu.

Kwatsi ni silikoni na oksijeni, elementi mbili zilizo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia. Miamba ya graniti unayoiona ukisafiri kwa basi kutoka Makambako kwenda Iringa imejaa chembe zake. Jua na mvua vikishageuza madini mengine ya mwamba kuwa udongo, kwatsi hubaki, ikasombwa na maji, na sehemu kubwa ya mchanga tunaojengea nyumba ni hiyo. Jiwe la mjomba lilizaliwa kwa njia nyingine. Maji ya moto yenye silika yalipita kwenye nyufa za miamba chini ya ardhi. Yalipopoa, silika iliganda na kuujaza ufa, ukawa mkanda mweupe. Mara nyingine maji hayohayo huwa yamebeba dhahabu, na ndiyo maana wachimbaji wa Chunya huufuata mkanda huo.

Katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi 10, kwatsi iko ngazi ya 7, kwa hiyo hukwaruza kioo. Haichaniki katika tabaka kama ulanga. Ukiigonga huvunjika ovyo, lakini kingo zake hukata kama wembe.

Watu wa Iringa waliijua tabia hiyo zamani. Mlambalasi, takriban kilomita 50 kutoka Iringa mjini, inajulikana kwa kaburi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Wageni hufika kaburini, hupiga picha, huondoka. Karibu na hapo kuna hifadhi ya mwamba ambamo watu waliishi, na kuzika wafu wao, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watafiti waliochimba humo walikuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni na zana za mawe, nyingi zikiwa za kwatsi.

Zana hizo hazina sura ya kuvutia. Fundi aliweka kipande cha kwatsi juu ya jiwe la chini, akakigonga kwa jiwe jingine, kisha akachagua vibanzi vinavyofaa. Vilivyobaki alivitupa. Kwa kuwa kwatsi huvunjika ovyo, ni vigumu kutofautisha zana na taka, na wanaakiolojia wengi waliipita haraka. Picha za vitabuni zilichukuliwa na mashoka makubwa ya mawe ya Isimila, ambayo hata mtoto akiyaona anajua yalichongwa na mtu.

Siku yangu ya kwanza maabara nilipewa taka kuhesabu. Kwa kila kibanzi nilitakiwa kujaza fomu: je, kimegongwa na mtu, au kimevunjika chenyewe?

Nilipokuwa nahesabu nilimkumbuka mjomba. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 eneo hilo lilikuwa miongoni mwa machimbo makubwa ya Tanganyika. Historia yake imeandikwa kwa wakia za dhahabu. Waliotwanga mawe ni idadi tu, wakiwemo. Mjomba alitwanga kwatsi kwa chuma, kwenye kibanda, akiwa amejifunga kitambaa usoni. Vumbi la silika ni laini mno. Likiingia ndani kabisa ya mapafu huacha makovu, na makovu hayo hayana dawa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Unafanana na kifua kikuu, na pia humfanya mtu akipate kwa urahisi.

Mjomba alimeza dozi ya kifua kikuu mara mbili. Alifariki mwaka 2017. Hakuna karatasi yake yenye neno silikosisi, na mimi si daktari wa kuliandika leo.

Likizo iliyopita mama alitaka kulitupa lile jiwe. Alisema linakusanya vumbi. Nililichukua, nikalisogeza kwenye mwanga kama tunavyofanya maabara. Kwenye ukingo mmoja pana alama ya pigo, na kutoka hapo ufa umeingia hadi katikati ya jiwe.

Nikamwomba mama aliache. Lingekuwa mezani kwangu maabara, nisingesita kujaza fomu: limegongwa na mtu.