Rika za Maisha katika Ukanda wa Shaba
Kutoka Lubudi, mji wa saruji, hadi Kolwezi, mji wa shaba, umri wa mtu ulipimwa kwa kazi kuliko kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuacha vibarua wa muda na kukaribisha familia kambini. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shuleni mwake, akala posho yake. Kijana alipoajiriwa, ndipo alipohesabiwa mtu mzima. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya 1967, iliendeleza desturi hiyo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba aliyelisha ukoo akawa wa kulishwa. Watoto wakaingia machimboni kabla ya wakati wao. Rika zikageuzwa.