Fedha na Feleji Isiyoshika Kutu

Fedha (alama ya kikemia Ag, namba atomia 47) ni metali ya thamani. Feleji isiyoshika kutu, maarufu kama stenlesi, ni aloi ya chuma yenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Zikisuguliwa zote mbili hung'aa, lakini sifa zake zimeachana sana.

Muundo
Fedha safi ni laini mno kwa vyombo na mapambo ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na shaba. Chapa ya 925 huonyesha sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Stenlesi ya aina ya 304, inayotumika sana kwa sufuria na masinki, ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli. Aina ya 316 huongezewa molibdeni.

Uzito, ugumu na kuyeyuka
Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.5, ya stenlesi ina takriban 8. Mnunuzi wa bangili asitegemee sumaku peke yake: fedha haivutwi, na aina ya 304 nayo kwa kawaida haivutwi. Kipimo cha uzito kwa ujazo hueleza zaidi.

Stenlesi ni ngumu zaidi na haipindi kwa urahisi. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, stenlesi kwenye zaidi ya 1,400. Ndiyo maana sonara huweza kuifanyia kazi fedha kwa moto wa karakana ndogo. Masonara wa Oman, kwa mfano, waliyeyusha sarafu zilizoitwa riale za Maria Theresa, zenye takriban asilimia 83 ya fedha, wakafua vikuku na mikufu.

Joto na umeme
Fedha hupitisha joto na umeme vizuri kuliko metali nyingine zote. Kwa joto, huishinda aina ya 304 zaidi ya mara 25. Kijiko cha fedha kikiachwa ndani ya chai ya moto, mpini huunguza vidole upesi. Cha stenlesi bado hushikika. Kwa sababu hiyohiyo sufuria nyingi za stenlesi huwekewa kitako chenye alumini au shaba, ili moto usambae sawasawa.

Hewa na chumvi
Fedha haishiki kutu, ila misombo ya salfa iliyomo hewani au kwenye kiini cha yai huifanya iwe nyeusi. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromi, ambao hujijenga upya ukikwaruzwa, mradi oksijeni ipo. Chumvi ya bahari huweza kuutoboa, na hapo aina ya 316 hustahimili zaidi.

Utunzaji
Fedha ihifadhiwe pakavu, ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Stenlesi isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha iachwe wazi ikauke, kwani hewa inayoichafua fedha ndiyo inayoilinda feleji.