Umevuka 40 na Unapenda Rangi za Kuwaka? Zivae Hivi Zikupendeze Bila Kupitiliza

Ukishuka kwenye basi Tunduma, rangi ndizo zinazokupokea kwanza. Vitenge vimetundikwa mbele ya maduka: njano, bluu, machungwa, zambarau. Ukivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kitambaa hicho hicho kinaitwa chitenge, na kule nako kinawaka vile vile.

Lakini mama wa miaka 45 akinyoosha mkono kukichukua cha njano, mara nyingi hakosi mtu wa kusema pembeni: "Hizo si rangi za wasichana?" Anakirudisha, anachukua cha kahawia ambacho hata hakukipenda. Mwingine anakuwa jasiri, anavaa njano kuanzia kilemba hadi viatu, anajiona kwenye picha za harusi, na gauni halitoki tena kabatini. Wote wawili pesa imeenda.

Rangi haina umri. Kinachomfanya mtu mzima apendeze nayo ni kiasi, mshono na mahali anapoivaa. Haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Moja iwake, nyingine zitulie

Chagua rangi moja iwe ndiyo inayosema. Sketi ya pinki ya kuwaka inatulia ikivaliwa na blauzi ya krimu au nyeupe. Njano ya haradali inapendeza na bluu iliyokolea. Machungwa inakubaliana na bluu, kwa sababu kwenye duara la rangi mbili hizo zinatazamana, na rangi zinazotazamana huinuana.

Kama kitenge kina rangi nne, usiongeze ya tano. Chukua rangi moja iliyomo ndani ya kitenge hicho, hasa ile iliyopoa, ndiyo uitumie kwenye viatu au mkoba.

2. Angalia ukubwa wa maua

Ua kubwa kama sahani linahitaji nafasi. Linakaa vizuri kwenye gauni refu au sketi pana, lakini kwenye blauzi ndogo linakatwakatwa na mishono mpaka halieleweki. Kwa blauzi na shati, maua madogo au ya kati ni salama zaidi. Mwambie fundi mapema alinganishe maua pande zote mbili za kifua, maana akishakata hakuna la kufanya.

3. Rangi ikipiga kelele, mshono unyamaze

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitambaa kinawaka, halafu juu yake wanaweka mabega ya kupuliza, marinda, lesi na vifungo vya dhahabu. Kitenge chenye rangi kali kinataka mshono mnyoofu: gauni la kukaa mwilini bila kubana, mikono ya kawaida, shingo safi.

Vitenge vingi vya wax huuzwa kwa kipande cha yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu. Kabla ya kulipa, muulize fundi wako mshono unaoutaka unakula yadi ngapi. Kinachobaki kinaweza kuwa kilemba au shati la mtoto.

4. Toka nacho nje juani

Taa ya dukani inadanganya. Bluu inaweza kuonekana zambarau, na nyekundu ikaonekana damu ya mzee. Muombe muuzaji akuruhusu utoke nacho mlangoni, kiweke chini ya kidevu, ujitazame kwenye kioo au kwa kamera ya simu. Uso ukichangamka, hiyo ni rangi yako. Uso ukionekana umechoka, usikiache kabisa: kivae chini kama sketi, kikae mbali na uso.

5. Kagua kama kinachuja

Rangi kali inayochuja ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji, sugua kwenye pindo. Kikitoka na rangi nyingi, jua kitaharibu hadi nguo nyingine kwenye beseni.

Pia geuza upande wa pili. Wax nzuri rangi yake inafanana pande zote mbili. Ile iliyochapwa upande mmoja tu, nyuma huwa imepauka. Si lazima iwe mbaya, lakini usiilipie bei ya wax.

6. Usisahau baridi

Tunduma, Vwawa na Mlowo ziko nyanda za juu, na Juni na Julai asubuhi huko si za mchezo. Ukishona gauni la machungwa kisha ukalifunika na sweta la kijani, kazi yote imepotea. Kuwa na koti au sweta moja la rangi tulivu, kama kijivu, bluu iliyokolea au krimu, litakalokubali nguo zako zote.

Kiangazi kuna vumbi pia. Suruali nyeupe ya kusindikizia blauzi yako itachafuka kabla hujafika sokoni. Kaki inavumilia.

7. Soma mahali unapokwenda

Kijani na njano kwa pamoja Tanzania watu watakuuliza kama unatoka kwenye mkutano wa CCM au mechi ya Yanga. Nyekundu na nyeupe, utaitwa Simba. Ukivuka Nakonde, nyekundu inajulikana kama rangi ya UPND na kijani ya PF. Msimu wa uchaguzi mambo haya yana uzito, hivyo vunja jozi hizo kwa kuingiza rangi nyingine.

Msibani, acha rangi za kuwaka nyumbani. Ofisini, anza na kitu kimoja: skafu, blauzi ndani ya koti, au tai kwa wanaume. Mtumishi wa umma azingatie waraka wa mavazi wa ofisi yake kwanza.

Na akina baba msijitoe. Shati la kitenge lenye mshono safi, na suruali ya kitambaa ya rangi moja, linatosha kanisani, kwenye harusi na hata kwenye kikao. Shati na suruali vyote vya kitenge kimoja ni sare, vinafaa sherehe ya familia.

8. Ikae kama mpya

Fua kwa maji ya baridi, peke yake mara za kwanza. Wengi huloweka kwenye chumvi ili kushika rangi, ila rangi ambayo haikushika kiwandani haitashikia kwenye beseni. Geuza nguo nje ndani, anika kivulini, na pasi ipite upande wa ndani. Jua kali la kiangazi ndilo linalopausha rangi haraka.

Kwa anayeanza, hakuna haja ya kubadilisha kabati lote. Nunua kilemba au skafu moja ya rangi uliyokuwa unaiogopa, ivae na gauni lako la kila siku, uende nayo sokoni. Ukirudi nyumbani hujaivua njiani, kesho mfuate fundi.