Koo Zilizopokea Wageni: Nasaba na Undugu Olenguruone

Anayedhani ukoo ni ukuta wa kuwazuia wageni, na aisome historia ya Olenguruone. Kwenye miinuko hii ya Mau, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Nakuru, wamepishana Waogiek, Wamaasai, Wakikuyu na Wakipsigis, na kila jamii ilikuwa na njia yake ya kumfanya mtu baki kuwa ndugu.

Kwa Wakipsigis ukoo huitwa oret, na kila oret ina mnyama wake wa kuheshimiwa. Watu wa oret moja huhesabiana ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Lakini koo hizi hazikukua kwa kuzaa tu. Wagusii na Wamaasai, wakiwemo watoto waliotekwa vitani au kukimbizwa na njaa, walilelewa katika familia za Wakipsigis, wakapewa ukoo, na uzao wao ukawa wa hapo. Hata Talai, ukoo mashuhuri wa maorkoiyot (viongozi wa kiroho), unatajwa katika masimulizi kuwa na asili ya Umaasaini.

Wakikuyu nao walikuwa na njia yao. Huko Kiambu, aliyetaka ardhi ya Waogiek hakutoa mbuzi na kuondoka. Kwanza ilifanywa sherehe ya kufanyana ndugu, mnyama akachinjwa, muuzaji na mnunuzi wakawa jamaa. Wakikuyu wengine waliohamia Umaasaini walioa huko, wakakubaliwa katika familia za wenyeji.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaleta Olenguruone Wakikuyu iliowaondoa Umaasaini. Wao waliihesabu ardhi hiyo kuwa fidia, waimiliki kwa desturi ya mbari, yaani jamaa wa babu mmoja. Serikali ikaweka masharti, mojawapo likiwa kwamba mwana mkubwa wa mke wa kwanza ndiye pekee atakayerithi shamba. Kwa watu ambao mbari yao ilimpa kila mwana mahali pa kulima, sharti hilo lilikuwa sawa na kuwafukuza watoto wao wenyewe. Walikataa, wakala kiapo cha umoja: wanaume, wanawake, hata watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, Ukambani, na Wakipsigis wakazidi kuhamia.

Baadaye, ghasia za kikabila za 1992 na za 2007–2008 zilitumia asili ya mtu kama sababu ya kumchomea nyumba. Hiyo haikuwa mila ya koo hizi. Mila yao ilikuwa kumuuliza mgeni anakotoka ili wajue wampokee vipi.

Kwa hiyo wazee wa Olenguruone wanapowasimulia vijana nasaba zao, wasiishie kwa babu mwanzilishi. Wawataje pia waliopokelewa: bibi aliyetoka Gusii, babu aliyelelewa na Wamaasai, mkwe aliyetoka Kiambu. Nasaba inayowaficha hao haijakamilika.